Akili unde ofisini: uanze na kivuli, uanze na idara moja, au uwashe kwa wote?

Wenye ofisi hapa Mombasa, kuanzia mawakala wa forodha wa Moi Avenue hadi mameneja wa hoteli za Bamburi na Shanzu, wengi wameshakata shauri kwamba akili unde (AI) wataitumia. Kinachowakosesha usingizi ni namna ya kuianza. Muuzaji amekuja na kompyuta yake, ameonyesha maajabu kwa nusu saa, na sasa anataka sahihi kwenye mkataba wa leseni za wafanyakazi wote. Mhasibu anauliza pesa zitatoka wapi. Kijana wa kompyuta anasema tujaribu kwanza. Hapo mazungumzo hukwama, maana kuna zaidi ya namna moja ya kujaribu, na ukichagua isiyokufaa utamaliza miezi mitatu ukiwa hujui lolote la maana.

Ninalinganisha njia tatu. Kuwasha kwa wote ni kununua leseni za ofisi nzima, watu wakafunzwa siku moja, na wiki inayofuata kila mtu anaitumia. Idara moja ni kuchagua kundi dogo, labda dawati la wateja au makarani wa tawi moja, likaitumia kwa kazi halisi na wateja halisi kwa muda uliowekwa, huku wengine wakiendelea kama zamani. Kivuli ni programu kupewa nyaraka zilezile anazopewa karani na kutoa majibu yake pembeni, lakini majibu hayo hayaendi popote. Hayamfikii mteja wala hayaingii kwenye mfumo. Yanahifadhiwa ili yalinganishwe na aliyoyafanya binadamu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Tazama kosa likitokea litaishia wapi. Kama litatoka nje ya mlango wa ofisi kabla mtu hajaliona, na kulirudisha nyuma ni gharama, anza na kivuli hata kama ni kazi mara mbili. Kama kosa litaonwa palepale mezani na yuleyule aliyeomba jibu, kivuli kitakupotezea muda. Nenda idara moja. Kuwasha kwa wote ninaona kunafaa ofisi chache sana.

Kuwasha kwa wote

Tuanze na pesa. Microsoft 365 Copilot, msaidizi wa akili unde ndani ya programu za ofisi kama Word na Excel, ilipoanza kuuzwa kwa makampuni Novemba 2023, bei yake ilikuwa dola 30 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Kwa bei hiyo kampuni ya watu 200 inatoa dola 6,000 kila mwezi, na dola ikiwa karibu shilingi 129, hizo ni shilingi 774,000 kabla hujalipia mafunzo. Katika hao 200 kuna madereva, kuna walinzi, kuna mtu wa stoo anayefungua kompyuta asubuhi na jioni tu. Muuzaji atakupa punguzo kwa kununua nyingi, lakini leseni ambayo haifunguliwi hakuna punguzo litakaloifidia.

Kuna hali mbili ambapo njia hii naielewa. Ya kwanza ni ofisi ya watu sita, ambako idara moja ndiyo ofisi yenyewe. Ya pili ni pale wafanyakazi wanapokuwa wameshaanza kimyakimya kwenye simu zao, wakinakili barua za wateja na mikataba na kuibandika kwenye programu za bure. Samsung iligundua mwaka 2023 kwamba wahandisi wake walikuwa wakiweka msimbo wa programu za kampuni, ambao ni siri, ndani ya ChatGPT, na Mei mwaka huo ikapiga marufuku. Ukiwa na hali hiyo, kuwapa watu wote akaunti salama ya kampuni kwa kazi nyepesi, kama kupanga barua na kufupisha nyaraka, kunaweza kuwa afadhali kuliko kujifanya hujui. Hata hivyo hiyo ni kufunga mlango uliokuwa wazi. Bado hujapima kama kazi imekwenda vizuri zaidi.

Faida ya kutokuwasha kwa wote inaonekana vizuri kwa McDonald's. Mwaka 2021 walianza na IBM kujaribu mashine ya kupokea oda za wateja walio ndani ya magari, na mwaka 2024 wakaisimamisha, ikiwa imefika kwenye mikahawa zaidi ya 100 nchini Marekani. Mikahawa yao huko ni maelfu. Waliacha bila kuyagusa hayo maelfu.

Kivuli, kwenye meza ya karani wa forodha

Kazi ya kuklia mzigo, yaani kuupitisha forodhani, kwenye bandari ya Kilindini inaonyesha kivuli kwa uwazi, kwa sababu ni kazi ya nyaraka na kila kosa lina bei yake. Karani hupokea ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena. Anasoma bidhaa ni nini, anaitafutia msimbo wa HS, yaani namba ya fungu la bidhaa inayoamua ushuru, kisha anaandaa entri, yaani tamko la mzigo, kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Tarakimu 6 za mwanzo za msimbo ni za dunia nzima na zinatoka Shirika la Forodha Duniani. Jedwali la ushuru la Jumuiya ya Afrika Mashariki linaongeza mbili zikawa 8. Tangu Julai 2022 viwango vikuu vya jedwali hilo ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Msimbo ukiteleza kwenda mstari wa jirani, ushuru unaweza kuruka kutoka 10 hadi 25. Entri ikishatumwa, kuirekebisha ni maombi na kusubiri, na muda wote huo kontena limekaa likila ada.

Chukua ankara moja kutoka Guangzhou. Imeandikwa "chaja ya simu", vipande vingi, thamani ya kawaida. Programu inaisoma na kujibu bila kusita: 8504, kichwa cha transfoma na vigeuzi vya umeme, ambako chaja nyingi huingia. Karani mkongwe anatazama uzito wa katoni, anaona alama ya mAh, kipimo cha uwezo wa betri, iliyojificha mwisho wa maelezo, na anaandika 8507, kichwa cha betri, maana kilichomo ni pawabenki. Nilipomwonyesha jibu la mashine alicheka kidogo. "Mwanangu," akasema, "yeye amesoma ankara. Mimi hizi katoni nimezifungua."

Katika jaribio la kivuli, ankara hiyo inaingia kwenye jedwali la safu chache: nyaraka, jibu la karani, jibu la mashine, nani alikuwa sahihi, kwa nini. Mwamuzi awe mtu wa tatu mwenye ujuzi, kwa sababu kuna siku mashine ndiyo itakayokuwa sahihi, na karani hawezi kuwa mshindani na refa kwa wakati mmoja. Jedwali likijaa, linaanza kukuonyesha sura ya kazi yako. Utaona kwamba mitumba ya 6309 na friji za 8418 hazisumbui, ilhali vifaa vya umeme vyenye maelezo ya ovyo vinaharibika mara kwa mara. Wastani wa ofisi nzima ungekuficha hilo. Ukilijua, unaweza kuamua mashine ipewe mafungu fulani na mengine yabaki mikononi mwa watu.

Idadi ya nyaraka za kupima ni jambo ambalo watu huliharakisha, nami naomba tulikalie kidogo. Tuseme programu inakosea nyaraka 2 katika kila 100. Ukiijaribu kwa nyaraka 30, kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba hutaona kosa hata moja, na utatoka mkutanoni ukisema haikosei. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: ukipima idadi fulani bila kuona kosa, gawanya 3 kwa idadi hiyo, na hicho ndicho kiwango cha juu cha makosa ambacho bado huwezi kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Nyaraka 30 safi zinakuacha na uwezekano wa kosa hadi asilimia 10. Nyaraka 300 safi zinakushusha hadi asilimia 1. Ofisi inayopiga entri chache kwa siku itahitaji miezi kufika 300, na ndiyo maana napendekeza wachimbe kabati. Faili zilizofungwa za mwaka jana, ambazo msimbo wake ulishakubaliwa na mzigo ukatoka, ni kivuli cha bei nafuu kuliko vyote. Unazipitisha kwenye programu na kulinganisha, bila kumchelewesha mteja yeyote. Jihadhari na jambo moja tu: faili ya kabatini imepangwa na ni skani safi, lakini kazi ya leo hufika kama picha ya WhatsApp iliyopigwa kwenye giza la bohari ya Miritini. Weka na za namna hiyo kwenye jaribio.

Kivuli kina upofu wake. Kinakuambia mashine inajua nini. Hakikuambii watu watafanya nini wakishapewa. Karani akiletewa jibu lililoiva, jicho hulegea. Wiki ya kwanza atalikagua, wiki ya tano atabonyeza kukubali huku akiongea na simu. Tabia hiyo imeonekana kwa marubani, kwa madaktari, kwa kila fani iliyopewa mashine ya kushauri, na hutaiona mpaka uwape watu majibu yenyewe. Kwa hiyo kivuli kikipita, bado unahitaji jaribio hai, japo dogo.

Idara moja, kwenye dawati la hoteli

Hoteli ya pwani ni kinyume cha ofisi ya forodha. Maswali ni mengi, mengi yanafanana, na kila moja likichelewa mgeni amehamia kwa jirani. "Niaje, mna rumu ya watu watatu Pasaka, watoto wawili, tunatoka Nai, bei ya wakaazi ni ngapi na mnakubali kulipa pole pole?" Hapo programu ikiandika rasimu na mhudumu akaisoma kabla ya kuituma, kosa linaonwa na mtu mwenye kujua bei. Kivuli cha miezi miwili hapa hakina kazi. Wape wahudumu wa zamu moja, waitumie, zamu nyingine iendelee kwa mkono, na uwalinganishe.

Sharti liwe moja nalo lisivunjwe: katika jaribio, binadamu ndiye anayetuma. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyedanganywa na roboti ya tovuti yake kuhusu nauli nafuu ya msiba. Roboti ilimwambia anaweza kuomba nafuu hiyo baada ya safari. Sera ya kampuni ilisema sivyo. Kampuni ilijitetea kana kwamba roboti ni mtu mwingine anayejibu kwa niaba yake mwenyewe, na baraza likakataa. Meneja wa hoteli anayetaka mashine ijibu wageni usiku bila mtu awe tayari kuiheshimu kila bei itakayotajwa.

Kipimo cha lugha nacho kifanyike kwa Kiswahili chetu. Mgeni akiandika "tutafika saa mbili usiku, tuma gari stesheni ya Miritini", programu iliyozoea saa za Kizungu inaweza kupanga gari la saa nane za usiku, na familia ikabaki kwenye kituo cha SGR na mizigo. Kusanya jumbe halisi za aina hiyo, uondoe majina na namba za simu, na uzitumie kama mtihani kabla ya siku ya kwanza. Weka zenye Kiswahili cha Mvita, zenye Sheng, zenye kuchanganya lugha tatu katika sentensi moja. Muuzaji akikuonyesha mfano wa Kiswahili cha vitabuni, mshukuru na umpe mtihani wako.

Msimu ndio unaowaangusha wengi wa pwani. Mei mvua ya masika inanyesha, hoteli zimepoa, mhudumu ana muda wa kusoma kila rasimu kwa makini. Jaribio la Mei litapita kwa alama za juu, kisha Desemba jumbe zinamiminika, hakuna anayesoma, na matokeo ya Mei hayahusiani tena na unachokiona. Ukiweza, muda wa jaribio uguse angalau likizo moja ya shule. Mawakala wa forodha vivyo hivyo: jaribio lisiishie wiki ambayo meli ni chache.

Na mara moja katikati ya jaribio, zimeni programu kwa siku nzima. Mombasa ndipo nyaya za baharini kama TEAMS, SEACOM na EASSy zinapotua, lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja, intaneti ya Kenya iliyumba. Siku ya kuzima itakuonyesha kama watu bado wanaweza kazi yao, au wameshaanza kusahau bei na taratibu.

Ushahidi: njia ipi inakudanganya kirahisi zaidi?

Hapa kivuli kinashinda, na pengo ni kubwa. Jaribio la idara moja hujaa furaha. Watu wamechaguliwa, wamepewa kitu kipya, bosi anapita kuwauliza hali. Mwisho wanajaza fomu kwamba wameokoa muda mwingi.

Uingereza wametupa mifano miwili ya kuwekwa ubavu kwa ubavu. Serikali iliwapa Copilot watumishi 20,000 kuanzia mwisho wa Septemba hadi Desemba 2024, na ripoti ya Juni 2025 ikasema wameokoa wastani wa dakika 26 kwa siku. Dakika hizo zilitokana na makadirio yao wenyewe. Wizara ya biashara ya nchi hiyohiyo ilifanya jaribio lake la leseni 1,000 kati ya Oktoba na Desemba 2024, na tathmini yake haikupata ushahidi kwamba muda ulioripotiwa kuokolewa umeongeza tija. Programu ni ileile na miezi ni karibu ileile. Kilichotofautiana ni swali lililoulizwa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa METR, taasisi ya kupima uwezo wa akili unde, Julai 2025. Waandishi wa programu wazoefu 16 walipewa kazi 246, nyingine wakiruhusiwa akili unde, nyingine wakikatazwa. Walipoitumia walichelewa kwa asilimia 19. Walipoulizwa baada ya kumaliza, waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Hao ni mafundi wa kompyuta wenyewe. Sisi tunaouliza "mnaonaje, inasaidia?" kwenye kikao cha Ijumaa tunategemea nini?

Kwa hiyo ukichagua idara moja, pima kabla hujaanza. Kwa wiki chache kabla ya programu kuwashwa, andikeni saa ya kupokea nyaraka na saa ya kumaliza, idadi ya marekebisho, malalamiko ya wateja, majibu yaliyotumwa na kufutwa. Daftari linatosha, Excel ni bora. Ofisi isiyo na namba za mwanzo haiwezi kujua kitu mwishoni, hata ilete mtaalamu kutoka wapi.

Nani aingie kwenye jaribio

Kwa kivuli swali hili ni jepesi, kwa kuwa watu hawabadilishi kazi yao. Kwa idara moja ni zito. Kishawishi ni kuwaita wanaojitolea, na hao huwa vijana wapenda teknolojia. Utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, uliotoka 2023 na kuwahusu wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, ulipata kwamba msaidizi wa akili unde aliongeza tija kwa wastani wa asilimia 14. Kwa wageni wa kazi na wenye ujuzi mdogo ongezeko lilikuwa asilimia 34. Kwa wazoefu lilikuwa dogo mno. Jaribio la makarani wapya pekee litakupa namba ambayo hutaiona tena ukiwafikia wakongwe. Changanya: mgeni, wa kati, mkongwe, na mmoja asiyeitaka kabisa. Huyo wa mwisho ndiye atakayekuonyesha makosa.

Watu waambiwe ukweli pia. Karani anayesikia "jaribio" anasikia kazi yake ikipimwa kufutwa, na katika mji ambao familia nyingi zinategemea bandari, hofu hiyo si ya kubeza. Mkongwe akidhani anaifundisha mashine ije imtoe, atakupa majibu nusunusu, na jedwali lako zima litakuwa limeharibika bila wewe kujua. Kama mwenye kampuni hana nia ya kupunguza watu, aseme kwa mdomo wake na kwa maandishi. Kama anayo, aseme pia, na asiwaombe wamsaidie kwa siri.

Sheria haibagui jaribio

Wengi hudhani kivuli kiko nje ya sheria kwa sababu majibu hayatumiki. Data ya mteja imeshaondoka. Mara tu umepakia pasipoti ya mgeni au namba ya PIN ya mwagizaji kwenye seva ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, iwe jaribio au kazi kamili. Kifungu cha 31 kinadai tathmini ya athari pale uchakataji unapoweza kuleta hatari kubwa kwa haki za watu, na ripoti yake ipelekwe kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza. Kuna masharti ya kupeleka data nje ya nchi. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi unaomgusa kwa uzito.

Kwa chama cha akiba na mikopo, kifungu hicho cha 35 kinaamua mjadala: programu ya kupima waombaji mkopo ianze kama kivuli, na hata ikihitimu, afisa abaki na kalamu. Hospitali nazo zina sababu yao ya ziada. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2021 matumizi ya kompyuta kusoma picha za eksirei katika kuchunguza kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi, lakini kiwango cha kutenganisha "mpeleke akapimwe" na "yuko sawa" kinapaswa kurekebishwa kulingana na wagonjwa wa mahali husika. Kurekebisha huko ni kivuli kwa jina lingine.

Muda, na namna ya kuacha

Agosti 2025 ripoti iliyotoka MIT ilisema asilimia 95 ya majaribio ya akili unde kwenye makampuni hayakuonyesha faida inayopimika kwenye hesabu. Namna walivyopima imebishaniwa sana, nami singeichukua namba hiyo kama kipimo cha Mombasa. Ila ugonjwa wenyewe naujua: jaribio lisilo na tarehe ya mwisho. Linaanza Februari, Juni bado "linaendelea vizuri", Oktoba aliyelianzisha amehamia kazi nyingine na leseni zinalipwa na kadi ya mtu ambaye hajui ni za nini.

Idara moja ndiyo inayougua hivi zaidi, maana watu wamezoea na hakuna anayetaka kuwanyang'anya. Kivuli hufa kifo kingine: kazi mara mbili inachosha, safu ya "nani alikuwa sahihi" inaanza kubaki tupu, na hatimaye jedwali linafungwa kimya. Mpe mwamuzi wa tatu saa maalumu kwa wiki za kufanya kazi hiyo, zilipwe, na zisiwe za ziada juu ya majukumu yake.

Siku ya kwanza, kabla hamjaona tokeo lolote, andikeni ukurasa mmoja wenye tarehe ya mwisho, namba itakayowafanya mwendelee, namba itakayowafanya muache, na jina la atakayeamua. Wakala wa forodha anaweza kuandika: kwa mafungu yaliyochaguliwa, makosa ya msimbo yasizidi ya karani, na muda wa kuandaa entri upungue kwa angalau robo. Hoteli inaweza kuandika: muda wa kujibu ushuke kwa nusu na malalamiko ya bei yasiongezeke. Namba zikiandikwa baada ya matokeo, kila jaribio litafaulu.

Ningechagua ipi?

Wakala wa forodha, maabara, chama cha mikopo, ofisi ya wakili inayotafuta hukumu za kesi: kivuli, ukianzia na faili za kabatini, kisha jaribio hai la watu wachache. Hoteli, duka la mtandaoni, shule ya binafsi inayoandikia wazazi, ofisi ya utalii inayopanga ratiba za safari: idara moja, binadamu akituma, kwa wiki 8 hadi 12 zenye angalau kipindi kimoja cha msongamano. Ofisi ya watu chini ya kumi yenye kazi za barua na mihtasari ya vikao: wape wote, lakini mlipe kwa mwezi, msifunge mkataba wa mwaka.

Ikifaulu, usiruke kutoka idara moja hadi kampuni nzima. Nenda idara ya pili ambayo haifanani na ya kwanza. Wakala aliyefaulu Kilindini ajaribu tawi lake la bandari kavu ya Embakasi, ambako wateja, bidhaa na haraka ni tofauti, na akiona makosa yamepanda, ajue alichopima ni makarani wake wa Mombasa zaidi kuliko programu. Na isipofaulu, kuna kazi ya kufanya wiki hiyohiyo: funga akaunti, simamisha malipo, mwandikie muuzaji afute data ya wateja wako na akujibu kwa maandishi kwamba ameifuta, kisha lihifadhi lile jedwali la makosa, kwa sababu toleo jipya la programu litakuja na utahitaji mtihani wa kulipima.